Oili Chafu kwa Ng'ombe wa Jirani

Wazee wenzangu tulioendesha pikipiki zamani tukikutana Mbarara, mazungumzo huanza na magoti yanayouma na kuishia kwenye harufu. Mmoja atasema pikipiki za siku hizi hazinuki, ni kama kukalia kiti. Mwingine atafumba macho na kuikumbuka ile oili tuliyokuwa tukiichanganya na petroli, jinsi moshi wake ulivyokuwa mtamu asubuhi ya baridi, na wote wataitikia kama watu waliotajiwa chakula cha mama zao. Mimi pia huitikia. Ningesema uongo nikidai kwamba siipendi harufu hiyo. Lakini kila mara mimi ndiye ninayeaga kwanza, na wenzangu hudhani ni mgongo.

Si mgongo. Nataka kuandika ni nini.

Katika miaka ya themanini nilikuwa tarishi wa ofisi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilibeba barua na karatasi kutoka Base Camp, penye ofisi yetu, hadi ofisi za serikali kule Kamukuzi, Mbarara, na kurudi na majibu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa wakimbizi, niliyefika sekondari kwa bahati zaidi ya akili, na kazi hiyo niliipata kwa sababu niliweza kusoma bahasha na sikuogopa matope. Pikipiki ilikuwa mali ya ofisi, lakini ililala kwangu, na watoto wa jirani waliiita ya kwangu. Sikuwasahihisha.

Ilikuwa ya aina ile isiyokubali petroli tupu. Kila lita ilitaka oili yake, kifuniko kimoja na nusu, halafu unatikisa mtungi mpaka rangi inakuwa moja. Ukizidisha, plagi inalowa na injini inazima kilimani. Ukipunguza, injini inajikwaruza mpaka inakwama. Nilikijua kipimo hicho hata gizani. Asubuhi nilipopiga kiki, moshi wa kwanza ulitoka wa buluu, mzito, ukakaa uani kama mgeni asiyeharakishwa, na mimi nilisimama ndani yake kwa makusudi. Nilipovaa koti kwenda kanisani watu walijua nimeingia kabla hawajageuka.

Watu wa pwani wakisikia Uganda kuna baridi hucheka. Waje wapande pikipiki mwezi wa sita au wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, wapite milima ya kwetu. Wakati huo ni kiangazi, mchana jua linachoma, lakini asubuhi ukungu umelala mabondeni, na kushuka ndani yake ni kama kuingia mtoni na nguo. Nilivaa gazeti kifuani chini ya shati, soksi mikononi, samli usoni ili midomo isipasuke. Machozi yalikimbilia masikioni. Nilipofika Masha, kituo cha njiani kabla ya Mbarara, vidole havikuwa vyangu tena. Hapo nilisimama kando ya barabara, nikachuchumaa, nikaikumbatia injini kwa mikono yenye soksi. Soksi zilipoanza kunuka kuungua ndipo nilipojua nimepata joto. Harufu ya sufu inayoungua, oili na vumbi lenye umande: nikiisikia hata leo ninakuwa na miaka ishirini na sita.

Karibu na mji palikuwa na kizuizi cha askari. Nao walisikia baridi. Mmoja wao alinizoea.

"Wewe! Simama hapo. Hapana zima engine."

"Nimesimama, afande."

"Kitambulisho nitaona baadaye. Kwanza moto." Akaweka bunduki begani, akanyoosha viganja vyake juu ya injini, akafumba macho. "Hii pikipiki yako ni mzuri kuliko bibi."

"Bibi yupi, afande?"

"Ile iko Gulu. Wewe nyamaza, wacha mimi nipate joto."

Tulicheka, akaniachia nipite bila kuangalia karatasi yoyote. Na mimi nikafikiri ulimwengu wote unanihitaji kwa namna hiyo, kwamba popote ninapofika nafika na moto.

Mjini, nyuma ya soko, palikuwa na gereji ya fundi mmoja Mwislamu, mtu mzima mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Miezi ya baridi aliwasha makaa ndani ya ringi ya lori, na matarishi na madereva wa pikipiki wa mji mzima walikusanyika hapo kabla ya kwenda ofisini: wa hospitali, wa chama cha kahawa, wa misheni. Tulikuwa na desturi yetu. Aliyekuwa wa kwanza kufika kutoka mbali, kuanzia maili thelathini, alikalia tairi lililokuwa karibu kabisa na moto, na yeye ndiye aliyesimulia barabara. Hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza mpaka amalize. Angeweza kutia chumvi apendavyo. Kazi ya wengine ilikuwa kumletea chai ya tangawizi na kumzomea akimaliza. Mambo ya kitoto, unaweza kusema, lakini nilimwona mtu wa misheni akinyimwa tairi lile na kununa wiki nzima.

Sasa nimfikie jirani yangu.

Alikuwa mama mzee aliyekuja Nakivale baada ya kuishi miaka mingi upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko; mahali yeye aliita fasi. Aliishi na mke wa marehemu mwanawe na mtoto mchanga. Walikuwa na ng'ombe mmoja mwenye ndama. Maziwa ya ng'ombe huyo aliyanywa mtoto, na yaliyobaki walibadilishana na majirani kwa maharage na mtama. Hakukuwa na kitu kingine katika nyumba ile cha kubadilishana.

Mwaka huo kupe walizidi. Josho la karibu lilikuwa kavu, halina dawa. Bwana mifugo kule Kamukuzi alikuwa akitoa dawa kidogo, chupa moja kwa mtu, kwa mkimbizi aliyekuja na barua ya ofisi, siku ya Alhamisi tu, na stoo ilifungwa saa sita. Mama mzee aliipata barua baada ya kuifuata siku nyingi. Jumatano jua likizama alikuja kwangu na barua hiyo na chupa aliyoiosha mpaka ikang'aa.

"Hodi, mwana yangu."

"Karibu, mama. Ingia ukae."

"Sikai. Ngombe yangu inaisha. Kupe ziko mingi, zimekamata pa masikio, zimekamata fasi ya maziwa. Barua balishaniandikia. Sasa inabaki wewe tu."

"Inabaki mimi tu? Basi imekwisha. Mimi nikienda sirudi mikono mitupu. Uliza watu."

"Nasikia. Banasema pikipiki yako inakimbia kupita maneno."

"Hata maneno yako haya yatafika Mbarara baada yangu."

Alicheka, akafunika mdomo kwa kitenge. Halafu akaacha kucheka. "Usisahau, eh? Wiki hii ikipita, ile ngombe sijui."

Nilimwambia kesho jioni atakuwa na dawa. Nilimwambia mbele ya watu wawili waliokuwa wakipita, na nilipaza sauti kidogo ili nao wasikie.

Alhamisi ilikuwa asubuhi ya baridi kuliko zote za mwaka huo. Sikusimama Masha. Nilitaka kujaribu kama ninaweza, na niliweza. Nilifika gereji nikitetemeka meno, na tairi lilikuwa tupu. Wiki tano sikuwa nimelikalia.

"Nani huyo?" alisema wa hospitali, aliyelala mjini na hakuwa na haki ya tairi. "Wa Nakivale? Leo umekuja na ndege?"

"Mleteeni chai kabla hajafa," alisema fundi. "Akifia hapa nitaandika maelezo mengi."

Nilikuwa na barua za ofisi, na hizo zingeweza kungoja mpaka mchana. Chupa ya mama mzee haikuweza. Nilikuwa najua. Ilikuwa ndani ya mfuko wa koti na niliihisi ubavuni kila nilipoinama. Nilisema nitapasha mikono tu. Nikakaa kwenye tairi, nikapewa kikombe, wakageuka wote kunitazama, nikaanza kusimulia.

Nilisimulia vizuri siku ile. Niliwapa ukungu, nikawapa fisi ambaye hakuwepo, nikampa yule askari mistari ambayo hakuisema. Walicheka mpaka wa chama cha kahawa akamwaga chai yake ndani ya makaa. Walipoanza kunizomea nikaongeza nyingine, kwa kuwa aliyekuwa juu ya tairi alikuwa na ruhusa ya kuongeza. Fundi alikuwa akifungua injini ya lori, oili ilitiririka kwenye karai, moto ulikuwa unawaka, na mimi nilikuwa katikati ya vyote hivyo. Naandika hivi ili ieleweke kwamba sikuzuiwa na kitu. Pikipiki haikuharibika, askari hawakunikamata. Nilikuwa na raha.

Wengine walikwenda kazini, wengine wakaja, mimi sikuliacha tairi; adhana ya adhuhuri, saa sita ikiwa imekwisha kupita, ndiyo iliyonizindua. Fundi alifuta mikono na kwenda kutawadha. Niliruka juu ya pikipiki, nikapanda Kamukuzi kama mtu anayefukuzwa. Stoo ilikuwa imefungwa. Mlinzi alikuwa akila ndizi kivulini.

"Bwana mifugo amekwenda Masha," alisema. "Wewe rudi Alhamisi ingine."

"Hakuna mwingine mwenye ufunguo?"

"Ufunguo iko kwa mfuko yake. Na mfuko imekwenda na yeye."

Masha. Ilikuwa njiani kwangu kabisa. Nilipeleka barua za ofisi, nikapata majibu, na nilipokuwa nikishuka kurudi mjini nilikuwa bado na njia mbili za heshima. Ningeweza kumtafuta bwana mifugo Masha na kumwomba. Au ningeweza kurudi na chupa tupu na kusema, mama, nilichelewa. Badala yake nilikwenda gereji.

Kule kwetu watu wengine walikuwa wakiwapaka ng'ombe oili chafu, oili iliyokwisha kutumika, kufukuza kupe. Nilikuwa nimeona. Nilikuwa pia nimesikia wafugaji wenye akili wakisema ni upumbavu. Siku hiyo nilichagua kukumbuka kile nilichoona na kusahau kile nilichosikia.

"Oili chafu ya nini, tarishi?" fundi aliuliza.

"Mchwa, mzee. Wanamaliza nguzo za nyumba."

"Chota. Mchwa wakifa uniambie. Wakinenepa usiniambie."

Nilijaza chupa kutoka kwenye karai lile lile la asubuhi. Ilikuwa nzito mno, haimiminiki kama dawa, kwa hiyo nikaongeza petroli, nikatikisa, nikaongeza tena. Sikupima.

Nilipopita Masha niliona watu wamekusanyika zizini kando ya barabara, na gari la serikali limeegeshwa. Sikupunguza mwendo.

Mama mzee alikuwa amesimama njiani akinisubiri. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaifungua, akanusa.

"Inanuka pikipiki."

"Nimeibeba kwa pikipiki, mama. Ulitaka inuke maua?"

Alicheka sana. Alimwita mkwe wake aje asikie, akarudia maneno yangu, wakacheka wote wawili.

"Naweka na maji ngapi?"

"Usiweke maji. Hii ni dawa mpya. Paka hivyo hivyo."

"Yote?"

"Penye kupe pote."

Alinipa maziwa kwenye kibuyu, nikayanywa nikiwa juu ya pikipiki.

Ijumaa asubuhi niliamka na harufu ile. Kwanza nilidhani ni pikipiki yangu inavuja, nikatoka kuikagua. Haikuwa pikipiki. Ilitoka zizini kwake. Ng'ombe alikuwa mweusi, yeye ambaye alikuwa wa rangi ya udongo, anang'aa kuanzia masikio hadi kiwele, na alikuwa akijilamba. Mama mzee alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Jua la kiangazi lilimpiga siku tatu. Ngozi ilitoka malengelenge, ikapasuka mgongoni. Ndama alinyonya akaharisha. Jumapili ng'ombe aliacha kula, tumbo likajaa, pumzi ikawa inatoka kwa sauti. Jumatatu alilala na hakuinuka. Wanaume wa jirani walimchinja ili asife bure, na wanawake walikuja na mabakuli. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nyama ilikuwa na harufu ya petroli. Hata mbwa walizunguka tu. Tulichimba shimo, na mimi nilishika jembe pamoja na wengine, nikachimba kwa bidii kuliko wote, na watu wakanisifu. Ndama alikufa siku iliyofuata.

Hakuna aliyenishuku. Wote walijua nilikwenda kwa bwana mifugo na barua. Kwa wiki mbili nilitoka nyumbani mapema na kupita njia ya nyuma. Niliona mkwe akipeleka kitenge kubadilisha kwa maziwa, na siku nyingine akirudi nacho.

Jumapili ya pili nilikwenda. Nilikuwa nimetengeneza sentensi moja, fupi, na njia nzima niliirudia: Mama, ile haikuwa dawa, ilikuwa oili chafu, na nilijua. Sikutaka kueleza zaidi kwa sababu nilijifahamu. Ningeanza kueleza ningeishia kusimulia barabara.

Alikuwa ameketi nje anachambua maharage. Mkwe wake alikuwa mlangoni na mtoto begani. Kabla sijafungua mdomo mama mzee aliweka ungo chini.

"Keti, mwana yangu. Nilikuwa nakutafuta, lakini haya ilinikamata."

"Haya gani, mama?"

"Ya ile dawa. Wewe ulisema pa fasi ya kupe. Mimi nilipaka ngombe yote, hata fasi haina kupe. Nilisema, kama kidogo ni muzuri, mingi itapita muzuri. Niliua ngombe na mukono yangu."

"Nilimwambia," mkwe alisema toka mlangoni. Hakupaza sauti. "Nilimwambia, mama, dawa ni ya kupima. Hasikiake mutu."

"Ni kweli," mama mzee alisema. "Aliniambia."

"Sasa mutoto anakunywa maji ya mutama."

"Ni kweli." Hakumtazama mkwe, alinitazama mimi. "Na wewe ulienda na baridi yote ile, ukaleta kitu ya muzuri, mimi nikaiharibu. Unisamehe."

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Ilikuwa mdomoni kabisa. Mtoto alikohoa, mkwe akambadilisha bega, na wote wawili walikuwa wakinitazama, wakisubiri tarishi aseme. Ningeweza kusema maneno yale kwa pumzi moja. Mama mzee angepoteza heshima aliyokuwa nayo kwangu na angerudishiwa heshima yake nyumbani mwake. Mabadilishano hayo niliyaona waziwazi, sikuwa mjinga. Nikayakataa.

"Si kitu, mama," nilisema. "Nimekusamehe."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akashukuru.

Niliishi jirani nao karibu miaka mitatu baada ya hapo, kabla hawajahama. Nilimletea vitu kutoka Mbarara, sabuni, majani ya chai, na yeye aliwaambia watu nina moyo. Njia yangu ilipita mbele ya jiko lao. Saa za kupika nilimwona ameketi kando ya chungu, ambacho zamani kilikuwa chake, na mkwe ndiye aliyeshika chumvi. Mama mzee akinyoosha mkono, mkwe alimwambia, "Wacha, mama, wewe haujui kupima," na yeye aliurudisha mkono mapajani.